Hita ya Maji Inapoharibika: Tuitengeneze Wenyewe au Tumwite Fundi?



Asubuhi za Gitega ni za baridi, kwani mji uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Muyinga nako hakuna nafuu. Hita ya maji ikiharibika, mwenye nyumba huitazama bisibisi yake, kisha huhesabu fedha za fundi. Leo twajifunza namna ya kuamua.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Katika nyumba tuliyopanga Gitega, vali ndogo iliyo chini ya tangi ilidondosha maji kila hita ilipowashwa. Mmoja wetu, akichukizwa na sakafu iliyolowa, akaiziba kwa kipande cha mpira na waya. Siku ya tatu fundi alikuja kwa shughuli nyingine, akakiona kizibo kile, akazima umeme kabla hata ya kutusalimu. Ndipo tulipofundishwa kuwa maji yakipashwa moto hutanuka. Tangi la lita 100, likitoka nyuzi 20 kufikia nyuzi 60, huhitaji nafasi ya takriban lita moja na nusu zaidi, na vali ile ndiyo mlango wake. Ukiufunga, na kidhibiti joto nacho kikikwama, maji hupita kiwango cha kuchemka yakiwa yamebanwa. Tangi likipasuka, kila lita inayogeuka mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,500. Ukuta wa bafu hauwezi kustahimili hayo.

Basi vali ya usalama haizibwi kamwe. Ikidondosha matone wakati wa kupasha tu, inafanya kazi yake; ikivuja usiku kucha hali hita imezimwa, fundi aitazame.

Umeme nao una hatari iliyo yetu hasa. Umeme wa REGIDESO ukikatika, wengi huona ndiyo nafasi ya kufungua kifuniko cha hita. Kukatika huko si kuzimwa. Umeme hurudi bila kubisha hodi, ukamkuta mtu ameshika waya na miguu imelowa. Hita ya wati 2,000 kwenye volti 220 huvuta ampea 9 hivi, ilhali hata sehemu ya kumi ya ampea moja, ikipita kifuani, yaweza kusimamisha moyo. Zima swichi kuu kwa mkono wako mwenyewe, uwaambie wote walio nyumbani kwamba isiguswe.

Mwenye nyumba anaweza kusafisha tundu za bomba la kuogea zilizozibwa na chokaa. Anaweza kuhakikisha tangi lina maji kabla ya kuwasha, hasa baada ya maji ya bomba kukatika, maana koili ikiwaka pasipo maji huungua. Swichi ikijizima, airudishe mara moja tu. Ikijizima tena, aiache. Pale kifuniko cha nyaya kinapohitaji kufunguliwa, kazi ni ya fundi wa umeme. Na anayesikia mshtuko, hata mdogo, anapogusa bomba asianze kubishana na nafsi yake: azime, asioge, wala asimtume mtoto kuteka maji hapo.

Kwa wanaonunua vipuri Kobero au ng'ambo, Kabanga: bei nafuu pekee si dhambi. Hakikisheni volti na wati zilizoandikwa kwenye kipuri zinalingana na za hita yenu, na mdai risiti, kwani kifaa kikija kudaiwa kuwa cha wizi, risiti ndiyo shahidi wa kwanza wa mnunuzi. Kidhibiti joto kilichokwisha kutumika msikinunue; macho hayawezi kuona kama kimechoka. Fundi naye awe mtu anayefahamika kwa chifu wa kilima, au kwa jirani aliyewahi kumpa kazi.

Vali yetu ya Gitega ilibadilishwa jioni ileile. Kizibo chetu fundi aliondoka nacho, akisema atawaonyesha wanagenzi wake.