Binti Aliyegeuka Mbwa-mwitu: Somo la Mtazamo Katika Hadithi

Wanachama wenzangu, tukisimuliwa hadithi ya zimwi aliyejigeuza kijana mtanashati ili aoe msichana wa kijijini, sote huwa upande wa msichana. Je, msimulizi akisimama upande wa zimwi, itakuwaje?

Tazameni riwaya ya vijana iitwayo Blood and Chocolate ya Annette Curtis Klause, iliyotoka Marekani mwaka wa 1997. Mhusika mkuu, Vivian, ana miaka 16. Yeye na jamaa zake huishi Maryland kama watu, kumbe hugeuka mbwa-mwitu. Siku moja mchoro wake unachapishwa katika jarida la shule, kando ya shairi la mvulana aitwaye Aiden kuhusu mtu kugeuka mbwa-mwitu. Vivian anampenda, akidhani huyu ataelewa. Basi anajigeuza mbele yake. Loo! Aiden anashikwa na hofu kuu. Mbwa-mwitu wa shairini alimfurahisha, wa kweli akamshinda.

Mwandishi hatumii "mimi", lakini mambo yote tunayaona kwa macho ya Vivian. Ndiyo maana hatuogopi meno yake. Tunaumia naye kwa kukataliwa.

Baadaye Vivian anakwama katikati, si mtu si mnyama, mpaka aikubali nafsi yake. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.

Zoezi: Chagua hadithi ya zimwi uliyosimuliwa nyumbani, uiandike kwa macho ya zimwi. Usimfanye malaika. Mwachie meno yake, ila msomaji ajue anataka nini.