Inachofanya na Inavyofanya: Kielelezo cha Kueleza Sifa za Namna katika Huduma za Wavuti ya Kisemantiki

Ikisiri

Makala hii inajadili jinsi ya kueleza zile sifa za huduma za wavuti ya kisemantiki ambazo hazihusu kazi yenyewe ya huduma, bali zinahusu namna kazi hiyo inavyotendeka: bei, muda, usalama, upatikanaji na kadhalika. Inadaiwa kwamba sarufi ya Kiswahili, kwa njia ya virejeshi -cho- na -vyo-, tayari inatenganisha mambo haya mawili, na kwamba utengano huo ni msingi bora wa kuundia istilahi kuliko tafsiri sisisi. Mifano imetolewa katika bonde la Kilombero.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2001 Tim Berners-Lee, James Hendler na Ora Lassila walieleza wazo la wavuti ya kisemantiki, yaani wavuti ambayo maana ya habari zake imeandikwa kwa namna inayoweza kushughulikiwa na mashine. Mwaka 2004 shirika la W3C lilipitisha OWL, lugha ya kuandikia ontolojia. Mwaka huohuo liliwasilishiwa pendekezo la OWL-S, na mwaka 2005 pendekezo la WSMO, yote mawili yakihusu maelezo ya huduma. Lengo lilikuwa kuiwezesha programu kutafuta huduma, kuichagua na kuiunganisha na nyingine pasipo mtu kuisimamia kila hatua.

Kutafuta na kuchagua ni mambo mawili tofauti. Katika kutafuta, programu huuliza huduma ipi inafanya kazi inayotakiwa. Katika kuchagua, huduma kadhaa zinazofanya kazi ileile zimekwisha kupatikana, na swali linalobaki ni ipi inaifanya kwa namna inayomfaa mhitaji. Swali hili la pili ndilo linaloshughulikiwa hapa.

2.0 Tatizo la Istilahi

Tafsiri sisisi ya istilahi ya kigeni inayotaja sifa hizi ni "sifa zisizo za kiutendaji". Istilahi hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, inakanusha tu: inasema sifa hizo si za aina gani, haisemi ni za aina gani. Pili, inapotosha. Neno "utendaji" katika Kiswahili hubeba pia maana ya ufanisi wa kazi, ikiwemo kasi yake. Msomaji akiambiwa "sifa zisizo za kiutendaji", ataelewa kwamba kasi imeachwa nje, ilhali kasi ni mojawapo ya sifa zinazokusudiwa hasa.

Kiswahili kina njia yake. Mzungumzaji hutofautisha "alichosema" na "alivyosema", wala hahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Kirejeshi -cho- kinarejelea kitu kilichosemwa. -Vyo- kinarejelea jinsi kilivyosemwa. Kwa kigezo hicho, huduma ina inachofanya na inavyofanya. Ni kweli kwamba -vyo- ina utata, kwa sababu hutumika pia kurejelea nomino za wingi wa ngeli ya KI-VI: "inavyouza" huweza kuwa ni vitu vinavyouzwa au jinsi ya kuuza. Kwa hiyo kirejeshi peke yake hakitoshi kuwa istilahi. Inapendekezwa itumike nomino yenye maana hiyohiyo: sifa za namna, zikitofautishwa na sifa za kazi.

3.0 Kazi Moja, Namna Mbili

Kabla daraja la mto Kilombero halijafunguliwa rasmi mwaka 2018, wasafiri wa kati ya Ifakara na Mahenge walivuka kwa kivuko. Kikielezwa kwa kazi yake tu, kivuko na daraja ni huduma moja: vyote huvusha watu, magari na mizigo kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Maelezo yanayoishia hapo hayawezi kuonyesha kwa nini daraja lilihitajika. Sababu yote imo katika namna: muda wa kungoja, saa za kuvuka, usalama wakati mto umefurika. Kwa msafiri aliyemchukua mgonjwa, sifa za namna si nyongeza ya huduma. Ndizo zinazoamua kama huduma ipo au haipo.

4.0 Neno Lisilo na Kipimo

Kidatu, upande wa kaskazini wa bonde, ni mahali ambapo njia ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inakaribiana na tawi la reli linalotoka Kilosa. Reli zote mbili huitwa nyembamba, kwa kuwa upana wake ni chini ya milimita 1,435. Hata hivyo upana wa TAZARA ni milimita 1,067, na wa tawi la Kilosa ni milimita 1,000. Tofauti hiyo ya milimita 67 imefichwa kabisa na neno "nyembamba", lakini ilitosha kulazimisha shehena ihamishwe kutoka behewa hadi behewa.

Huduma za wavuti hukumbwa na jambo hilohilo. Watoaji wawili wakiandika kwamba huduma zao ni "za haraka", programu itaziona kuwa sawa, ingawa moja hujibu kwa sekunde na nyingine kwa saa. Sifa ya namna isiyo na kipimo haiwezi kulinganishwa.

5.0 Kipimo Kisicho na Masharti

Hata kipimo chenyewe hakitoshi. Na ichukuliwe kata ya Masagati, katika Halmashauri ya Mlimba. Huduma za kutuma pesa kwa simu zimeenea Tanzania tangu mwaka 2008. Kwa mfano wa kubuni, mkulima wa Masagati anamuuzia mpunga mnunuzi wa Ifakara, na anangoja ujumbe wa malipo kabla ya kuruhusu gari liondoke. Mawingu yametanda, na dereva ana haraka ya kuteremka Mlimba kabla barabara haijaharibika. Huduma inadai kwamba malipo hufika kwa sekunde 10. Swali ni: sekunde hizo huhesabiwa kutoka wapi hadi wapi? Zikihesabiwa kutoka kompyuta moja ya mtoaji hadi nyingine, dai ni la kweli, na bado mkulima aliye mahali penye mawimbi hafifu anaweza kungoja nusu saa. Hakudanganywa na tarakimu; amekosa masharti yake.

6.0 Kielelezo Kinachopendekezwa

Kutokana na mifano hiyo, kila sifa ya namna ielezwe kwa vipengele vitano: jina la sifa, thamani, kizio cha kipimo, masharti ambamo thamani hiyo ni kweli, na chanzo cha dai. Kipengele cha mwisho ni muhimu kwa sifa kama uaminifu, ambayo haina kizio: kinachoweza kuandikwa ni nani amesema nini, mtoaji mwenyewe au watumiaji wake.

Vipengele hivi viandikwe kwanza katika kielelezo, si moja kwa moja katika lugha ya mashine. Utaratibu wa kundi la OMG, uliotangazwa mwaka 2001, hutenga ngazi tatu: mahitaji kama yanavyosemwa na wahusika, kielelezo kisichofungwa na teknolojia yoyote, na kielelezo kilichofungwa na teknolojia fulani. Dai la sekunde 10 na masharti yake huandikwa mara moja katika ngazi ya pili. Kutoka hapo kanuni za ugeuzaji huzalisha maelezo ya OWL-S, ya WSMO au ya SAWSDL, iliyopitishwa mwaka 2007. Teknolojia ikibadilika, hubadilishwa kanuni, maana hubaki.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba sifa za namna si mabaki yanayosalia baada ya kazi ya huduma kuelezwa, na kwamba istilahi inayozitaja kwa kukanusha huzifanya zionekane hivyo. Wanaounda istilahi za kompyuta wanashauriwa kuchunguza kwanza sarufi ya Kiswahili inatenganisha nini, ndipo watafsiri. Aidha, wanaobuni huduma hawana budi kueleza masharti ya kila kipimo, kwani kipimo kilichopatikana mjini hakisemi lolote juu ya Masagati mpaka Masagati itajwe.