Herufi Zinazogeuka Zenyewe: Somo kwa Makatibu wa Matawi



Kila aliyepata kuandika kumbukumbu za mkutano kwa kompyuta analijua jambo hili. Umeanza kwa herufi nzuri za ukubwa mmoja. Ukifika katikati ya ukurasa, herufi zimekuwa nyembamba, au kubwa, au za namna nyingine kabisa, wala hukumbuki kuzigeuza. Wengine husema kompyuta ina wazimu, wengine husema ina virusi. Mara nyingi si hili wala si lile. Herufi hazigeuki bila sababu. Katika somo hili tutataja sababu nne, na dawa ya kila moja.

Kwanza yafaa tujue fonti ni kitu gani. Katika mashine ya taipu ya zamani herufi zilitengenezwa kwa chuma, na sura yake haikuweza kukugeukia. Katika kompyuta sivyo. Neno ni kitu kimoja, na sura yake ni kitu kingine. Neno "karafuu" ni mwili, fonti ni nguo. Mwili ule ule waweza kuvaa kanzu leo na shati kesho.

Pengine mtu atauliza: nguo za herufi zatuhusu nini sisi wakulima? Natutazame mfano. Tuseme tawi moja la Wete lina kijana wake anayesoma Chuo cha Uhasibu Arusha, kilichoko Njiro, katika mji ule ulio chini ya Mlima Meru. Kijana amekubali kulipangia tawi orodha ya msimu: jina la mwanachama, kilo, daraja, na fedha anazostahili. Safu amezipanga kwa kupiga nafasi nyingi, mpaka katika kompyuta yake zikasimama wima. Kisha amepeleka faili Pemba kwa barua pepe.

Kompyuta ya tawi ni ya zamani, haina fonti aliyoitumia kijana. Imeyavika maneno fonti nyingine iliyo pana zaidi. Mstari wa mwanachama wa tatu haukutosha, fedha zake zimeangukia chini, zikasomeka kama za mwanachama wa nne. Karatasi imechapishwa na kubandikwa ukutani. Hapana aliyeiba, na hapana aliyekosa hesabu. Lakini wanachama wawili wataondoka pale hawasemezani, na katibu atatiliwa shaka. Ndiyo maana jambo hili si la urembo tu.

SABABU YA KWANZA: Maneno yaliyobandikwa.

Hii ndiyo inayowapata watu wengi. Katibu amenakili maneno kutoka katika barua pepe au ujumbe wa simu, akayabandika katika waraka wake. Maneno yale hayaji uchi. Huja na nguo zake. Ni kama karafuu mbichi: ukiichuma huichumi peke yake, huja na makonyo yake, na hapana budi uichambue kabla ya kuianika.

Dawa yake ni kubandika maneno matupu. Katika Microsoft Word za siku hizi, bonyeza Ctrl, Shift na V pamoja. Katika LibreOffice, ile programu isiyolipiwa, ongeza na Alt: Ctrl, Alt, Shift na V. Kama umekwisha kubandika na nguo zake, usiyafute. Yachague maneno hayo, kisha bonyeza Ctrl na kitufe kirefu cha nafasi. Katika LibreOffice ni Ctrl na M. Nguo za kigeni zitavuka, na maneno yatavaa nguo za aya uliyoyatia.

SABABU YA PILI: Mtindo wa waraka.

Kila aya katika waraka ina mtindo, yaani sharti la mavazi. Mtindo wa kawaida huitwa Normal. Ukigeuza fonti ya maneno machache kwa mkono, mtindo wenyewe haukugeuka. Basi ukianza aya mpya mahali pengine, kompyuta hurudi kwenye sharti lake la kwanza, nawe waona kama imekuasi.

Sharti lenyewe nalo hubadilika. Toka toleo la mwaka 2007, Word ilikuwa ikianza waraka mpya kwa fonti iitwayo Calibri. Mwaka 2023 Microsoft ilitangaza fonti mpya, Aptos, kushika nafasi hiyo. Kwa hiyo makatibu wawili wenye Word za miaka mbalimbali huanza na nguo mbalimbali, ijapokuwa hakuna aliyegusa kitu.

Dawa ni kuamua mara moja. Bonyeza Ctrl na D. Dirisha la fonti litafunguka. Chagua fonti na ukubwa ulioafikiwa na tawi, kisha bonyeza kitufe cha kuifanya kuwa ya daima, nawe ukubali iwe kwa nyaraka zote. Tena angalia jambo moja: ukigeuza kichwa kimoja cha habari na vichwa vyote vikageuka pamoja, ujue mtindo wa vichwa umewekewa alama ya kujigeuza wenyewe. Fungua dirisha la kurekebisha mtindo huo, uiondoe alama.

SABABU YA TATU: Fonti haipo kule inakokwenda.

Hii ndiyo iliyoliharibia tawi katika mfano wetu. Faili kwa kawaida halichukui herufi zenyewe; huchukua jina la fonti tu. Likifika mahali ambapo jina hilo halijulikani, kompyuta huazima nguo iliyo karibu.

Dawa ni tatu. Ya kwanza, tumieni fonti inayopatikana karibu kila mahali, kama Times New Roman, ambayo imo katika Windows toka miaka ya mwanzo ya 1990. LibreOffice nayo ina Liberation Serif, iliyopimwa upana sawasawa na Times New Roman, hata mistari isihame. Ya pili, karatasi isiyohitaji kusahihishwa tena ipelekwe kwa namna ya PDF: katika Word bonyeza F12, kisha chagua PDF. Hapo herufi husafiri pamoja na waraka. Ya tatu, msipange safu za hesabu kwa kupiga nafasi. Tieni jedwali. Ndani ya jedwali, fonti ikigeuka, fedha za kila mtu hubaki katika chumba chake, mbele ya jina lake.

SABABU YA NNE: Fonti ipo, lakini herufi moja haimo.

Kiswahili kina irabu tano, na takriban kila fonti ya herufi za Kirumi inazo. Lakini Waarusha, wenyeji wa sehemu zile za Meru, husema Kimaa, lugha yenye irabu tisa. Wataalamu wakiiandika hutumia pia herufi ɛ, ɔ, ɨ na ʉ. Fonti nyingi hazina herufi zote hizo. Basi kompyuta huiazima ile moja kutoka fonti nyingine, na neno moja likaonekana limevaa viatu viwili visivyofanana. Dawa ni kuchagua fonti inayozijua zote. Mojawapo, iliyotengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, jina lake limetoka katika lugha yetu: yaitwa Andika.

Nasi visiwani tuna jambo linalofanana na hilo, yaani hati ya Kiarabu. Word huweka fonti mbili kwa neno: moja ya hati ya Kirumi, moja ya hati kama Kiarabu. Ukigeuza ya kwanza tu, jina lililoandikwa Kiarabu juu ya barua halitageuka, wala ukubwa wake. Katika dirisha lile la Ctrl na D, rekebisha sehemu zote mbili. Na kama kompyuta ina kibodi ya lugha mbili, jihadhari na vitufe vya Alt na Shift kubonyezwa pamoja: mara nyingi hivyo ndivyo vinavyogeuza lugha bila mwandishi kujua.

UTARATIBU WA KUTENGENEZA WARAKA ULIOCHAFUKA

1. Hifadhi nakala ya waraka kwanza, ufanye kazi katika nakala.
2. Weka alama ya kuandikia juu ya neno lililogeuka, bonyeza Shift na F1. Word itakueleza neno hilo limevaa fonti gani.
3. Vua nguo za kigeni kwa aya moja moja. Usichague waraka wote kwa pigo moja, maana maneno uliyoyakoza au kuyalaza kwa mkono yatapoteza alama zake.
4. Rekebisha mtindo, si maneno.
5. Kabla ya kubandika ukutani, watu wawili wasome orodha pamoja na daftari la mizani: mmoja ataje jina, mwingine ataje kilo na fedha. Hapana programu iwezayo kuifanya kazi hiyo badala yenu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini maneno yaliyobandikwa hufananishwa na karafuu yenye makonyo?
2. Mwenzako amekuletea faili, na mistari yote imehama. Ni sababu ipi utakayoishuku kwanza?
3. Eleza kwa nini jedwali ni salama kuliko nafasi katika orodha ya fedha.
4. Fungua orodha ya msimu uliopita ya tawi lako. Hesabu fonti zilizomo. Zikizidi mbili, anza kazi.