Kompyuta ikikataa kusoma flashi: usikubali kufomati



Siku ya malipo imefika. Sekretari wa koperative anafungua kompyuta nyumbani kwake, anachomeka flashi yenye listi: nani alileta magunia mangapi ya muhogo, nani mpunga, nani bado ana deni la mbegu. Mashine inanyamaza. Au inaandika kwa Kifaransa kwamba lazima kufomati diski kwanza. Hapo ndipo listi nyingi zinapotea. Si kwamba flashi imekufa, ila mtu amebonyeza ndiyo.

Bonyeza Annuler. Kufomati ni kama kung'oa alama za mipaka ya mashamba: muhogo unaweza kuwa bado uko chini, lakini hakuna anayejua wa nani uko wapi. Kama umeshafomati, usiweke kitu kingine juu ya flashi ile, hata picha moja. Fundi mwenye programu ya kurudisha mafaili anaweza kuyapata, mradi hakuna kipya kilichoandikwa juu yake.

Sasa tutafute mgonjwa ni nani. Chomeka flashi ingine, nzima, kwenye tundu lilelile. Ikisomeka, ugonjwa uko kwenye flashi ya kwanza. Isiposomeka, chomeka kipanya. Kama nacho hakiendi, jaribu tundu lingine kabla ya kulipa nauli ya kwenda Uvira kwa fundi. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, maana ya mbele yanafungwa kwa waya ndani ya sanduku na waya ule hulegea. Tundu lenye vumbi, zima mashine kabisa, safisha na brashi ndogo kavu. Sindano hapana! Vibati vya ndani vinapinda, vikigusana vinaweza kuunguza mashine.

Umeme nao unachangia. Tundu la USB linatoa volti 5 tu. Flashi haiombi mengi, lakini diski kubwa ya nje inaomba, na ukiipitisha kwenye kigawanyo pamoja na vitu vingine, taa inawaka halafu diski haionekani. Ichomeke moja kwa moja. Tunaotumia sola tuangalie zaidi: moto ukikatika wakati mafaili yanaandikwa, flashi inavurugika, na kesho yake ndiyo ile habari ya kufomati inatokea. Kuitoa bila kubonyeza Éjecter kunaweza kuleta shida hiyohiyo.

Taa inawaka lakini flashi haionekani? Shika kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Gestion des disques. Ukiikuta pale bila herufi, bonyeza juu yake upande wa kuume wa kipanya, chagua Modifier la lettre de lecteur, uipe herufi isiyotumika. Ikiwa imeandikwa RAW, usijaribu zaidi, mpelekee fundi.

Wakati mwingine inasomeka, lakini mafaili yamegeuka kuwa raccourcis. Hiyo ni virusi, imeyaficha. Usiyafungue. Kwenye mashine yenye antivirusi nzuri, fungua Invite de commandes, andika hivi, na badala ya E weka herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yataonekana tena. Futa raccourcis, halafu antivirusi ipite kote.

Na flashi za bei ya chini sana sokoni: nyingine zimeandikwa 64 Go juu, ndani ni 8. Zinapokea mafaili vizuri tu mpaka nafasi ya kweli iishe, baadaye hayafunguki. Hizo hakuna dawa.

Listi ikipatikana, ikopi kwanza kwenye kompyuta, halafu kwenye flashi ya pili. Hiyo ya pili ikae kwa prezidenti wa koperative, isiwe mfukoni mwa sekretari yuleyule.