Kuboresha vikapu pamoja na wasukaji

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni mteja hukishika kikapu, huvuta mishikio yake, hukinusa, kisha huamua. Anayenunua kwa njia ya intaneti hana nafasi hiyo. Yeye huona picha tu, hulipa, na hukishika kikapu kwa mara ya kwanza kinapofika nyumbani kwake. Kwa hiyo picha ni ahadi. Muuzaji ndiye anayeitoa, lakini anayeitimiza ni msukaji aliyeko kijijini.

Mfano

Kikundi cha akina mama wa pwani husuka vikapu vya ukindu vya kupambia nyumba. Dada mmoja wa mjini huvipiga picha na kuviuza kwa Instagram na WhatsApp. Siku moja anapata oda ya vikapu 20 vya ukubwa wa kati. Vinapomfikia mteja, vinane ni vidogo kuliko vile vya kwenye picha, vitatu vinanuka ukungu, na kimoja kimeacha doa jekundu kwenye ukuta mweupe. Mteja anadai fedha zake. Dada anazuia malipo ya kikundi. Akina mama wanasema, "Alituambia vya kati, nasi tumesuka vya kati."

Kila upande umepata hasara, na kila upande unaona umedhulumiwa. Ukweli ni kwamba hawakuwahi kukaa pamoja wakakubaliana "cha kati" ni kipi. Hatua zifuatazo zingewasaidia.

1. Kubalianeni sampuli

Sukeni vikapu viwili vinavyofanana. Kimoja kibaki na kikundi, kingine kikae na muuzaji. Picha ya kuuzia ipigwe kwa sampuli hiyo, mchana, ili rangi ionekane ilivyo. Muuzaji akitaka rangi au umbo jingine, isukwe sampuli mpya kwanza.

2. Pimeni kwa kijiti

Shibiri ya mtu mmoja si shibiri ya mwingine. Kateni vijiti viwili: kimoja cha upana wa kitako, kingine cha kimo cha kikapu. Kila msukaji awe navyo. Kazi ya mkono hailingani kabisa, kwa hiyo kubalianeni tofauti inayoruhusiwa, kwa mfano sentimita 1, na muuzaji awaeleze wateja wake mapema.

3. Jaribuni rangi kabla ya kusuka

Baada ya kuchemsha ukindu kwenye rangi, usuuzeni mpaka maji yabaki safi. Ukausheni kivulini, kwa sababu jua kali hupausha rangi. Kisha sugueni jani kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikishika rangi, suuzeni tena. Dosari ikionekana kwenye jani, mmepoteza jani. Ikionekana kwenye kikapu, mmepoteza siku za kazi. Ikionekana kwa mteja, mmempoteza mteja.

4. Kausheni vizuri

Ukungu huota penye unyevu, hasa wakati wa masika. Kikapu kilichokamilika kiwekwe penye upepo, na kihifadhiwe juu ya chanja, si sakafuni. Msikifunge kwenye plastiki kikiwa bado na unyevu.

5. Kagueni pamoja

Chagueni wanakikundi wawili, kwa zamu, wakague kila kikapu kabla hakijasafirishwa. Muuzaji anapokikataa kikapu, aonyeshe dosari yenyewe. Mama aliyesuka tangu utotoni hapendi kuambiwa na kijana kwamba kazi yake ni mbaya. Ni afadhali kusema, "Mama, naomba tukiweke kando ya sampuli, tutazame pamoja." Hapo sampuli ndiyo inayosema.

Ubora una gharama

Kupima, kusuuza na kukagua huchukua muda. Kama kikapu kilichochukua siku tatu sasa kinachukua nne na bei ni ileile, muuzaji amepata ubora kwa jasho la msukaji. Kaeni pamoja mhesabu siku za kazi, ukindu, rangi na nauli, ndipo mpange bei.

Zungumzeni pia kuhusu malipo ya awali. Kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani (WFTO) zinasema kwamba mzalishaji wa kazi za mikono akiomba, apewe angalau asilimia 50 ya malipo mapema, bila riba. Fedha hizo humwezesha kununua ukindu mzuri badala ya kuokoteza uliopo.

Mwisho, andikeni nani atabeba hasara. Kosa la usukaji lirekebishwe na kikundi. Kosa la maelezo au la usafirishaji libebwe na muuzaji. Karatasi moja yenye saini za pande zote mbili inatosha, na isomwe kwa sauti mbele ya wote.

Maswali ya kujadili

• Katika mfano wetu, nani anapaswa kubeba hasara ya vikapu vinane vidogo? Je, vile vya ukungu? Na kile kilichochuja rangi?

• Je, kikundi chenu kina sampuli? Imehifadhiwa wapi?

• Mara ya mwisho kazi yenu ilipokataliwa, mlielezwa sababu? Mlibadilisha nini?

• Bei mnayolipwa sasa inatosha kulipia siku zote za kazi?