Maua kwa Mnunuzi Wetu

Katika vikundi tunavyotembelea twaulizwa kila mara: ni vizuri kumpelekea mnunuzi zawadi? Twajibu ndiyo, na maua yafaa kuliko bahasha, kwa maana hukaa mezani na kila mtu pale ofisini huyaona.

Lakini angalieni wakati. Yapelekeni baada ya malipo, au mwaka ukifungwa, si wiki ile tenda inaamuliwa. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika anayetoa na anayepokea, hata kwenye kampuni za watu binafsi.

Rangi nayo husema. Mawaridi mekundu yakienda kwa mke wa mtu, mtaleta fitina bure. Chukueni ya manjano. Wala msiyafunge mduara, hilo kwetu ni shada la matanga! Kikundi kimoja kilifanya hivyo, karani akauliza ni nani amefariki.

Kateni mashina kwa mshazari, toeni majani yatakayozama, na mwambieni mpokeaji abadilishe maji kila siku mbili. Yasikae karibu na ndizi mbivu, hewa yake huyanyausha upesi.

Sasa ile kadi. Hapa ndipo vikundi huumia. Mwenyekiti mmoja aliandika jina lake peke yake, na kufika msimu uliofuata oda ya mboga ilikuwa yake, si ya akina mama ishirini waliolima. Andikeni jina la kikundi, na wapeleke watu wawili.

Tujadiliane: kwetu sisi, pesa za maua zitatoka mfuko gani, na nani atatia sahihi?