Mtoto Mdogo na Video za Intaneti

Jua, ewe mzazi, ya kwamba mtoto aliyeachiwa simu hachagui anachokitazama. Video moja ikimalizika, nyingine hujifungua yenyewe. Mwaka 2017 ilidhihirika kuwa hata katika YouTube Kids, iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa ajili ya watoto, zilipenya katuni zenye sura wanazozipenda, na ndani yake mna vitisho na kupigana. Basi jina la “watoto” lisikutulize. Tangu mwaka 2018 mzazi aweza kuiamuru programu hiyo isionyeshe ila video alizozichagua mwenyewe. Fanya hivyo, kisha kaa naye. Wala usimwachie mtumishi jambo hili, kwani ana kazi zake, na simu hunyamazisha kilio upesi. Mtoto akikwambia ameona la kutisha, usimkaripie, asije akakuficha la pili.